Vilengelenge vya maji mu vidole na chini ya miguu, vinaisha vinarudi. Ni nini hii?

fundi_wa_majengo (Goma)

Salamu wote. Naomba shauri la watu wanajua mambo ya ngozi ju mi nimechoka. Tangu miezi kadhaa napata hivi vitu: inaanza na kuwasha tu pembeni ya vidole, pale kidole kinagusana na kenzake, kesho yake unaona vilengelenge vidogo vidogo vya maji, vigumu, viko ndani ya ngozi si juu yake, vimebanana kama mayai ya sambaza. Ukitoboa na sindano inatoka maji safi, hamna usaha. Kisha vinakauka, ngozi inabambuka nyeupe nyeupe, inapasuka, na hapo njo inauma kabisa, simenti ikiingia mu ile mipasuko unaweza kulia mbele ya watu. Inakaribia kupona unasema Mungu asifiwe, kumbe wiki chache tu iko palepale tena.

Ku miguu pia iko lakini kidogo, ku unyayo upande wa ndani. Homa sina, nakula vizuri, bibi na watoto hawana kitu na tunalala chumba kimoja.

Kazi yangu ni fundi wa mawe na simenti, na hapa Goma munajua, kila lupangu (kiwanja) ni ukuta wa mawe ya volkano, kazi haikosi. Asubuhi mpaka jioni mu bote za mpira. Famasi ya kwanza walinipa dawa ya upele, nikapaka, hakuna kitu. Ya pili wakanipa katube ka pomade, ile inachanganya dawa tatu ndani, na hiyo kusema kweli ilinisaidia, siku mbili tatu mikono safi, ila nikiacha tu inarudi na hasira. Sasa ku shantye, pale tunajengaka, vijana wameanza kukataa kunipa mkono eti niko na mpox, ile ndui ya nyani. Muniambie ni nini, na nipimwe nini, ju kila famasi iko na jina yake.

---

birere_boy (Goma)

Kaka hiyo ni mpox usitudanganye 😂 weka mikono mu mfuko. Hapana nasanifu tu, lakini kweli enda ukapimwe, siku hizi mtu akiona kapele ku mkono wa mtu ndani ya basi anashuka.

---

yaya_katuba (Lubumbashi)

Miye niko huku Lubumbashi, Katuba. Kaka, mbele ya kukatala upele angalia vizuri, ju shiye ku nyumba ulitusumbua karibu mwaka muzima sababu ya kutibu mutu mumoja mumoja. Upele unakamata katikati ya vidole, ku mikono pale unafungaka saa, ku kitovu, ku makalio, wanaume ku sehemu za siri, na unawasha zaidi usiku ukiisha kuingia mu blanketi. Ukiangalia ku mwanga wa jua unaweza kuona kamustari kadogo, kafupi, kamepinda pinda, njo njia ile kadudu kanachimbaka. Batoto badogo sana njo banakuwaka nao hata mu viganja na mu nyayo, mukubwa mara nyingi hapana.

Na usidanganyike ju bengine habajikune. Mara ya kwanza unakamata upele, kuwasha kunaweza kuchelewa hata mwezi na zaidi, mutu iko anaona iko safi kumbe iko anagawa. Njo maana dawa ni siku moja, nyumba nzima, kuanzia shingo mpaka ku vidole vya miguu, na chini ya kucha pia, kisha munarudilia kisha juma moja ao mawili. Ile maji meupe ya benzyl benzoate inachoma, mutoto mudogo usimupake ya bakubwa, uliza bakupatie yake. Nguo na mashuka mu maji ya moto, na kama makala imepanda bei funga byote mu sakoshi (mufuko wa plastiki) kwa siku ine tano hivi, kadudu kakikosa ngozi ya mutu kanakufa. Na kisha dawa ngozi inaendelea kuwasha juma mbili tatu, haina kusema dawa ilikatala.

---

enfirmye_kadutu (Bukavu)

Yaya wa Katuba amesema vizuri, sina kitu cha kuongeza ku upele, ila fundi ametuambia vitu viwili vinauondoa karibu kabisa: bibi na watoto hawana kitu, na inaisha yenyewe kisha inarudi palepale. Upele haupumzikake. Hauachi nyumba ya watu wanalala pamoja kwa miezi.

Mi ni enfirmye (muuguzi) hapa Bukavu, nilikaa pia upande wa wagonjwa wa mpox wakati ule wimbi lilitoka Kamituga, ule mji wa migodi wa Kivu ya Kusini, basi tumalize hiyo kwanza ili vijana wa shantye wakusalimie. Ugonjwa wenyewe si mgeni kwetu, mtu wa kwanza kabisa kujulikana nao alikuwa mtoto wa jimbo la Ekwateri, 1970. Ile aina mpya ilianza kuonekana Kamituga mwisho wa 2023, OMS (Shirika la Afya Duniani) ikatangaza dharura ya dunia tarehe 14 Agosti 2024, na chanjo Kongo ilianziwa hapo kwenu Goma tarehe 5 Oktoba mwaka uleule. Kweli mpox inatoka mu viganja na mu nyayo, watu hawajakosea hapo. Lakini inakujaka na homa, kichwa, mgongo, tezi zinavimba shingoni ao ku kinena. Na pele zenyewe ni ngumu, zinauma kuliko kuwasha, nyingi zina kashimo katikati, zinajaa usaha, zinafanya gaga, na unazikuta pia ku uso, mdomoni, ku sehemu za siri. Inachukua wiki mbili mpaka ine kisha inaisha. Haiendi ikarudi kila mwezi pembeni ya vidole vilevile. Mtu akiona homa na tezi na pele za hivyo, asibishane ku mtandao, aende santre ya afya wachukue maji ya pele kwa kijiti wapime, na ajitenge wakati anangoja.

Sasa yako. Vile umeeleza, vilengelenge vigumu ndani ya ngozi, maji safi, pembeni ya vidole na ku nyayo, vinawasha mbele vitoke, vinakauka na kubambuka, vinarudi, hiyo ni mwendo wa ekzema ya mikono na miguu, ile madokta wanaiita disidroze. Haiambukizi. Rudilia hiyo ku shantye kwa sauti. Haiambukizi, unaweza kumpa mtu mkono.

Lakini jina si mwisho wa kazi, ju ekzema hiyo inakuwaka na kitu kinachoisukuma, na kwa fundi wa simenti mwenye bote za mpira mi nafikiri vitu viwili. Kimoja ni simenti yenyewe. Cha pili ni miguu. Hapo njo watu wengi wanashangaa: fangasi akikaa mu miguu, katikati ya vidole, mwili unapigana naye, na ile vita inaweza kutoka ku mikono kama vilengelenge vya maji, na ku mikono fangasi mwenyewe hayuko. Ukikwangua mkono ukapeleka labo hawaoni kitu. Unatibu mikono mwaka mzima, mwenye kosa amejificha mu bote.

Basi nijibu haya. Vua bote, nawa, kausha, funua vidole vya miguu kimoja kimoja, zaidi kile cha mwisho na jirani yake. Kuko ngozi nyeupe, laini, imelowa, inapasuka, inanuka? Ku nyayo kuko unga unga mweupe mu mistari ya ngozi? Kucha za miguu zimekuwa nene na rangi ya manjano? Ku mikono, ni yote miwili sawasawa ao mmoja unazidi?

Na hiyo tube ya dawa tatu uweke pembeni. Ndani muna kortizone ya nguvu, dawa ya fangasi, na antibiotiki. Kortizone inanyamazisha kuwasha ndani ya siku mbili, ndio sababu unaipenda, lakini pale kuko fangasi inamlindia nyumba, anatambaa pole pole bila wekundu wala mpaka wa kuonekana, hata dokta akimwangalia hamtambui tena. Antibiotiki nyingine za mu hizo tube, kama neomisini, zenyewe zinaleta aleji ya ngozi. Sisemi kortizone ni mbaya, kwa ekzema njo dawa yake, lakini iwe peke yake, kwa muda umepangwa, na mtu amehakikisha fangasi hayuko.

---

mchanga_na_simenti (Goma, Ndosho)

Mi niko fundi pia, miaka mingi. Hiyo ya simenti ni kweli kabisa. Simenti ikilowa ni kali, inakula ngozi ya kila mtu, hiyo ni kuungua tu, ukiacha kazi wiki inapona. Lakini kuko ingine, aleji ya kromu iko ndani ya simenti, na hiyo ikishakukamata haikuachi, hata kidogo tu inatosha. Ulaya tangu 2005 waliweka kikomo cha hiyo kromu mu simenti, wanachanganya chumvi ya chuma ili iishe nguvu. Huku kwetu tunapiga mkono moja kwa moja mu karayi.

Shauri yangu: glavu za mpira nzito, lakini si kuvaa tu. Simenti ikiingia ndani ya glavu ni mbaya kuliko mkono wazi, inakaa pale saa nzima inapika. Vaa kaglavu ka pamba ndani, kakilowa unabadilisha. Na mukisha kazi musinawe na petroli ao javel, nimeona vijana wanafanya hivyo eti inatoa simenti haraka. Maji safi mengi, sabuni kidogo, kausha, paka vazelini yenye mafuta sawasawa, si loshoni ya harufu. Bote pia, ziko mbili? Kama ni jozi moja haikauke, unaivaa asubuhi ingali na jasho ya jana.

---

fundi_wa_majengo

Aksanti sana wote. Nimeangalia vile enfirmye amesema. Weee. Katikati ya kidole cha mwisho na kenzake, miguu yote miwili, ngozi nyeupe imelowa, ukivuta inatoka na chini nyekundu, harufu iko. Mi nilijua ni jasho ya bote tu, watu wote ku shantye wako nayo. Ku nyayo kweli iko kama unga, nilifikiri ni vumbi ya simenti lakini nimenawa na haitoki. Kucha moja ya dole gumba imekuwa nene. Mikono ni yote miwili, sawasawa.

Bote ni jozi moja. Sasa labo naenda kusema nini?

---

enfirmye_kadutu

Basi tuko karibu. Mikono yote miwili sawasawa, miguu na fangasi, hiyo inakwenda pamoja. Ingekuwa mkono mmoja tu unabambuka kavu na miguu miwili, ningesema fangasi amepanda ku mkono pia, kuko watu wengi hivyo, miguu miwili na mkono mmoja, ule wanajikunia.

Ku labo omba wakwangue ngozi ya kidole cha mguu, pale pembeni pa kidonda si katikati, na unga wa unyayo, na kakipande ka kucha, waweke potasi mu kioo waangalie ku mikroskopi. Ni kipimo cha bei ndogo, labo yoyote yenye mikroskopi ya malaria inaweza, kinachotakiwa ni mtu amezoea kuona nyuzi za fangasi. Lakini uende bila kupaka kitu, ikiwezekana wiki mbili hivi, ju ukipaka jana leo hawaoni kitu na watakuambia huna. Wakwangue na mkono pia. Kama mguu uko naye na mkono hauko, jibu tumelipata.

Wakati unangoja, kama vilengelenge vinatoka maji, kuko permanganati ya potasiamu, yale mabonge ya zambarau. Koroga mpaka maji yawe rose nyepesi sana, ukiona zambarau umezidisha, lowesha mikono dakika kumi, kausha. Usiweke bonge likingali halijayeyuka, linaunguza. Na kucha zitakuwa kahawia usiogope. Ikishakauka unaacha, ju inaongeza ukavu. Na wacha sindano, kutoboa unafungulia vijidudu mlango.

Fangasi akipatikana: tebinafini ya kupaka katikati ya vidole wiki moja ao mbili, ao klotrimazoli, hiyo ni mpaka wiki ine na usiache ukiona imepona. Kausha katikati ya vidole kama mtu anakausha sahani. Kucha haisikie pomade, hiyo ni vidonge vya miezi, dokta njo anaandika, usinunue griseofulvini ku meza ya barabarani.

---

msomaji_tu

Samahani naingilia kati. Yangu haiwashi kabisa. Ni madoa tu, rangi ya kahawia nyekundu, mu viganja na chini ya miguu, bapa, mengine yanabambuka kidogo pembeni. Kuko na mengine ku kifua lakini hayaonekani sana. Nilikuwa na uchovu na tezi. Nayo ni ekzema?

---

enfirmye_kadutu

Aksanti kwa kuuliza, na hakuna haya hapa. Madoa mu viganja na mu nyayo ambayo hayawashi, na tezi, mtu mzima, lazima upimwe kaswende, kesho, si wiki ijayo. Inatoka hivyo wiki kadhaa kisha kidonda cha kwanza, na kidonda hicho hakiumi, wanawake wengi hawakioni kabisa, wanaume wengine pia. Madoa yataisha yenyewe hata bila dawa, na hapo njo ubaya wake, mtu anafikiri amepona na ugonjwa umeingia ndani, unaweza kufika moyoni na ku ubongo miaka baadaye.

Kipimo ni cha damu, kale ka haraka ka santre ya afya na kingine cha kaswende kinaitwa RPR. Ikiwa ni yenyewe, mu hatua hiyo ni sindano ya benzatini penisilini, yuniti milioni 2.4, mara moja, inagawiwa ku makalio mawili ju ni nyingi. Usiku wa kwanza unaweza kupata homa na kutetemeka, si aleji, ni vijidudu vinakufa. Uwaambie kama penisilini ilishakudhuru zamani. Mwenzako naye apimwe na kutibiwa, ao mutapeana tena. Na kama kuko mimba nyumbani hiyo ni haraka zaidi, inapita kwa mtoto, inaua mimba. Omba na kipimo cha VIH (virusi vya UKIMWI) siku hiyohiyo.

Na kwa wote wanasoma: kama pele za mikono na miguu zimetoka siku chache kisha kuanza dawa mpya, zaidi zile za salfa kama Bactrim na Fansidar, na mdomo umeanza kuchubuka ao macho yamekuwa mekundu, acha hiyo dawa na uende hopitali hata kama ni usiku. Hiyo haingojake mtu.

---

yaya_katuba

Na batoto? Ku kartye yetu batoto ba gardiye (masomo ya badogo) balikuwa na vilengelenge mu mikono, mu miguu na vidonda mu kinywa, bamama balikuwa banalia mpox.

---

enfirmye_kadutu

Yaya, mtoto wa chini ya miaka mitano, homa kidogo, vidonda mdomoni, vilengelenge mu viganja na mu nyayo, mara nyingi ni ule ugonjwa wa mikono, miguu na kinywa. Ni virusi vingine kabisa, antibiotiki haina kazi hapo, inaisha ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Kazi ya mama ni kumnywesha, ju kinywa kinauma anakataa, maji ya baridi na uji uliopoa. Akikataa kunywa kabisa, akisinzia sana ao akishtuka shtuka, mpelekeni. Ila kartye yenye mpox musikisie ku macho, mtoto aonwe, wapime.

---

fundi_wa_majengo

Narudi na majibu. Labo walikwangua. Kidole cha mguu na unyayo fangasi wako, mkono hamna kitu. Dokta alisoma, akaniangalia miguu mbele ya mikono, akasema maneno yaleyale ya hapa. Alinipa tebinafini ya miguu, na kwa mikono pomade moja ya kortizone peke yake, ya siku chache, kisha vazelini tu. Kucha alisema tutaona baadaye na kupima ini kwanza.

Miguu imekauka, harufu imeisha, bibi ndio wa kwanza kusema. Mikono imetoka vilengelenge mara moja tena lakini vichache, na vimekufa bila kupasuka. Bado ukavu pale nashikaka mwiko, naona simenti nayo iko na sehemu yake, nimenunua glavu na bote za pili, zile za jana zinalala juani. Ku shantye nimewaonyesha karatasi ya labo. Wawili wamevua bote zao palepale, nao wako na mambo yaleyale katikati ya vidole.

---

birere_boy

Sasa ile tube ya dawa tatu, yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, anajipakaka ku uso kila usiku, eti inasafisha. Miaka mingi sasa. Nimuambie nini?

---

enfirmye_kadutu

Mwambie ni kortizone, na ku uso inafanya ngozi nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi ndogo nyekundu pembeni ya mdomo, na fangasi anaenea bila kuonekana. Pomade nyingi za kujichubua ziko na kortizone kali kuliko hiyo, klobetasoli, na watu wanapaka mwili mzima. Lakini kwa miaka hiyo asikate siku moja, ngozi itawaka moto na atairudilia usiku uleule. Aende aonwe na dokta, apunguze pole pole, abebe tube yenyewe waone imeandikwa nini. Na muache kumzomea, we mwenyewe ulikuwa unacheka fundi hapa juu.